Viti Vilivyorudishwa

Jovitus Kahigi wa Ihanda alijulikana kwa jambo moja: hakukataa mzigo. Pikipiki yake iliwahi kubeba mbuzi, milango ya mbao, jeneza tupu, na Jumapili moja ilibeba padre pamoja na kinanda cha kanisa. Kwa hiyo jirani alipomwomba ampelekee magunia ya kahawa ya maganda kwenye ghala la chama cha ushirika, huku mvua ikinyunya na barabara imeshalowa, aliyafunga kwa kamba ya mpira akaondoka. Kwenye mteremko tairi la nyuma liliteleza. Alianguka kifudifudi, na gunia moja lililokatika kamba likamwangukia mgongoni.

Alipozinduka hospitalini alimuuliza mkewe, Sperancia, kwa nini wamemfunga miguu. Hakuna aliyekuwa amemfunga.

Alirudishwa nyumbani akiwa amebebwa juu ya godoro. Tangu kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu, si baridi, si moto, si inzi akitua. Sperancia alimgeuza, alimwogesha, alimvalisha. Mama yake, Benadeta, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili kwenye kibanja hicho hicho cha migomba, alikuja kila asubuhi na uji akakaa naye wakati Sperancia yuko shambani. Ili kutoka nje, Jovitus alijikokota kwa mikono juu ya gunia kuukuu mpaka mlangoni, na hapo ndipo dunia yake ilipoishia: ua, jiko, migomba, na sauti za pikipiki za wenzake zikipita barabarani ng'ambo ya migomba, kila moja akiitambua kwa muungurumo wake.

Baada ya muda mrefu hivi ndipo alipofika Adija, afisa ustawi wa jamii. Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Kayanga, mwanamke mwepesi wa mwendo, ushungi wake umekolea vumbi jekundu la njia. Alikaa chini kwenye jamvi karibu na Jovitus, hakutaka kiti.

"Kuna mradi wa serikali na wafadhili," alisema. "Unaitwa Hatua Mpya. Unatoa viti mwendo, miwani, vifaa vya kusikilizia. Nimekuandikisha kwa kiti."

"Cha kukalia nje?" aliuliza Benadeta.

"Cha kukalia na kwenda, mama. Kina magurudumu."

Jovitus aligeuza uso ukutani, maana hakutaka mgeni amwone.

Siku ya kukabidhiwa, uwanja wa shule ya msingi ulijaa. Kulikuwa na turubai, spika zilizokoroma, na kwaya iliyoimba mpaka ikakauka sauti. Vijana wenzake wa bodaboda walimnyanyua Jovitus wakamkalisha kwenye kiti kipya kinachong'aa, na walipomwachia akasukuma magurudumu mwenyewe, mbele kidogo, halafu kidogo tena, Sperancia aliyekuwa amesimama pembeni aliangua kilio kama msibani. Watu walipiga makofi. Kiti kilikuwa kipana kuliko yeye, kimetengenezwa kwa sakafu laini ya hospitali, na mahali pa kukalia palikuwa kitambaa cha plastiki kilichovutwa kati ya vyuma viwili. Lakini siku ile nani angeyaona hayo?

Jovitus alikuwa na njaa ya barabara. Kila asubuhi Sperancia alimsukuma kati ya migomba mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda, naye alikaa pale kutwa. Alicheka na wenzake, aliamua ugomvi wa zamu za abiria, alikula ndizi za kuchoma na kutazama malori ya kahawa. Alirudi jua likizama. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtu asiyehisi makalio yake hapaswi kukaa hivyo bila kujinyanyua.

Sperancia ndiye aliyeona wekundu, siku moja akimwogesha. Alidhani ni joto, akapaka mafuta. Siku zilizofuata wekundu ule ukawa weusi. Kisha chumba kikaanza kunuka, na Jovitus akamgombeza kwamba hafui mashuka vizuri. Sperancia alimgeuza kifudifudi, akafunua, akaona shimo ambalo ngumi yake ingeingia.

Walimkimbiza hospitali ya misheni akiwa anatetemeka kwa homa. Ng'ombe wao wa maziwa aliuzwa wiki hiyo hiyo. Jovitus alilala kifudifudi majira yote ya mvua, uso wake ukitazama sakafu ya saruji, akijua wanaoingia kwa viatu vyao. Viatu vilivyokuja mara kwa mara kuliko vya daktari vilikuwa raba za Isihaka, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Walikupa mto wa kukalia?" Isihaka alimuuliza siku ya kwanza.

"Mto gani?"

"Walikupima nyonga? Walikuonyesha jinsi ya kujinyanyua kwa mikono kila baada ya muda?"

"Walinipa soda na tisheti," alijibu Jovitus.

Isihaka alichuchumaa mpaka uso wake ukawa usawa wa ule wa mgonjwa. "Sikiliza, kaka. Kiti hiki ni kama kiatu. Mtu asiyehisi mguu ukimvisha kiatu kisicho chake, atatembea nacho mpaka mguu uoze. Hukukosea wewe."

Maneno hayo yalimkalia Jovitus vibaya kuliko kama angelaumiwa. Kama hakukosea yeye, basi alikuwa amekosea nani? Mtu aliyemtoa gizani?

Kidonda kiliziba polepole, kikaacha ngozi nyembamba, laini kama utando wa maziwa. Isihaka alikata sponji nzito akamtengenezea mto, akapunguza upana wa kiti kwa vipande vya mbao, na akamfundisha kujinyanyua. "Ngozi hiyo haitakuwa kama ya zamani," alimwonya. "Ukizembea itafunguka."

Mwaka uliofuata Adija alirudi Ihanda. Alikuja na furaha yake ile ile, akamkuta Jovitus uani akichambua maharage.

"Tunagawa tena, safari hii Kaisho, huko Kyerwa," alisema. "Wenzangu wa kule wameniomba mtu wa kutoa ushuhuda mbele ya wageni wa mradi. Nikawaambia ninaye Jovitus. Utasema maneno machache ya shukrani tu."

"Dada Adija, hukusikia kwamba nililazwa?"

"Nilisikia homa."

Basi akamweleza. Hakumficha kitu, hata harufu. Adija alimsikiliza mikono yake ikiwa imetulia mapajani, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Viti vya Kaisho vikoje?" aliuliza Jovitus alipomaliza.

"Ni vile vile," alisema kwa sauti ndogo. "Vyote saizi moja. Nimeviona bohari."

"Mito?"

Alitikisa kichwa. Kisha akasema haraka haraka, "Jovitus, nikipeleka habari kwamba vina kasoro, vitafungiwa, na sijui vitatoka lini. Kuna watu kule wanatambaa. Unajua kutambaa."

"Najua."

"Mimi sikuambii useme nini. Nakuomba ufikirie tu."

Alipoondoka, mabishano yalianza jikoni, Sperancia akimenya ndizi na Benadeta akipuliza moto. Benadeta alishikilia kwamba mtu hapewi kitu akamwaibisha aliyempa mbele za watu. Kama kuna neno, aliseme chemba, kwa adabu.

"Mawe, mama yangu, chemba ameshalisema kwa Adija," alisema Sperancia. "Umeona amefanya nini? Amesikitika."

"Na hao wanaotambaa? Watakula kusikitika kwenu?"

Sperancia aliweka kisu chini. "Waitu, mama, kidonda kile kilikuwa nyuma yake, hakukiona. Wewe ulikuwa ukileta uji na kurudi. Mimi nilikiona. Nilikiosha. Sitaki mwanamke mwingine afunue shuka akute nilichokikuta mimi, halafu ajue tulikuwa tunajua."

Jovitus alisikiliza wote wawili. Alimpenda mama yake, na alijua hakuwa amekosea kabisa.

Siku ya Kaisho ilikuwa ya jua kali. Walipandishwa kwenye gari la mradi, yeye na Sperancia na kiti chake. Uwanja wa huko ulikuwa na turubai kama lile la Ihanda, na viti vipya vilipangwa safu, plastiki yake haijabanduliwa. Watu walikuwa wameshafika tangu alfajiri. Karibu na Jovitus, chini kwenye nyasi, aliketi mzee mmoja aliyevaa kandambili mikononi. Miguu yake iliyosinyaa ilikunjwa chini yake, na inzi alipotua mguuni alimhisi, akamfukuza.

"Shikamoo, mzee," alisema Jovitus.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Rwegasira." Mzee alinyoosha mkono akagusa tairi la kiti cha Jovitus, akalipapasa. "Kinapanda mlima?"

"Ukiwa na mtu wa kusukuma, mzee."

"Wajukuu ninao." Akacheka. "Nataka kwenda kanisani bila kuingia nimepakwa matope kama nguruwe."

Jovitus alishika vyuma vya kiti akajinyanyua kidogo, kama Isihaka alivyomfundisha.

Ugawaji ulianza. Wa kwanza kuitwa alikuwa mama mmoja mkulima, jina lake Mukamusoni, akiwa amembeba mgongoni binti mkubwa, miguu ya mtoto ikifika karibu na magoti ya mama. Binti aliitwa Ainebyona. Alikuwa na mtindio wa ubongo. Viungo vyake vilikakamaa na shingo haikushika kichwa vizuri, lakini macho yake yalifuata kila kitu. Mama alimfungua kanga, akamweka kwenye kiti. Mtoto alizama humo. Akateleza mbele, kichwa kikaangukia bega, na mtu wa mradi akachukua ile kanga akamfunga nayo kifuani ili asidondoke. Kanga ikapanda shingoni. Watu walishangilia, mpiga picha akainama, na Mukamusoni akawa anafuta jasho na machozi kwa kiganja kimoja, akicheka.

Hapo ndipo mshereheshaji alipomtaja Jovitus na kumkabidhi maikrofoni.

Alianza kwa kushukuru, na alikuwa anamaanisha. Alieleza maisha ya kulala akitazama ukuta, na jinsi alivyoiona tena barabara. Wageni walitabasamu. Halafu akasema, "Lakini kiti hicho kilinioza nyama, nikakaribia kufa. Si kwa sababu kiti ni kibaya. Ni kwa sababu hakikuwa saizi yangu, hakikuwa na mto, na hakuna aliyenifundisha. Naona viti hivi ni vile vile. Nawaomba, kabla hamjagawa, mleteni mtaalamu atupime. Na huyu mtoto, tafadhali, mtoeni hapo. Kanga inamkaba."

Spika zilikoroma. Hakuna aliyepiga makofi. Mukamusoni aligeuka, akamtazama kama mtu aliyepigwa kibao.

"Nimtoe?" alisema, na hakuhitaji maikrofoni. "Nimtoe nimweke wapi? Mgongoni? Mimi nimembeba huyu tangu anazaliwa. Kifua changu kimeisha. Wewe umekaa kwenye cha kwako umestarehe, halafu unaniambia nikikatae cha kwangu?"

"Mama, sikusema ukikatae..."

"Njoo basi umbebe wewe!"

Mshereheshaji alimnyang'anya Jovitus maikrofoni akaita kwaya. Chini ya turubai wageni waliinamiana vichwa, wakazungumza, wakamwita Adija pembeni. Kwaya haijamaliza wimbo, tangazo likatolewa: ugawaji umesitishwa hadi viti vitakapokaguliwa. Vijana wa mradi wakaanza kuvirudisha viti kwenye lori.

Mukamusoni hakusubiri mtu amguse. Alishika mikono ya kiti, akakisukuma kukatiza uwanja huku mtoto akiyumba ndani yake, akaingia njia ya migombani, akapotea. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Waliobaki walitazama lori. Mzee Rwegasira alimtazama Jovitus. Hakumtukana. Alivaa vizuri kandambili zake mikononi, akageuka, akaanza safari ya kurudi alikotoka.

Kwenye gari Sperancia alimshika mkono mumewe njia nzima.

Habari ilifika Ihanda kabla yao. Kijiweni walimsalimia, lakini utani ulipungua. Mtu mmoja aliyekuwa na mtoto kiziwi, akisubiri kifaa cha kusikilizia kutoka mradi huo huo, alikuja mpaka uani akamwambia wazi kwamba amewaharibia wote. Benadeta hakusema "nilikuambia". Alileta uji kama kawaida, akaondoka mapema. Adija aliitwa kujieleza, na simu zake zikakoma. Jovitus alikuwa akiamka asubuhi na kuona mikono ya Rwegasira ndani ya kandambili, akajiuliza kama angeweza kusema maneno yale yale kwa namna ambayo lori lisingeondoka. Hakuipata namna hiyo.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa ile kanga shingoni mwa mtoto. Mwishowe alimpigia Isihaka. "Twende Kaisho," alisema. "Wewe ndiye unayejua. Mimi nitakwenda kwa sababu aliyemfedhehesha yule mama ni mimi."

Walikodi gari ndogo Jumamosi moja, Isihaka akiwa na sponji, mbao na msumeno. Walimkuta Mukamusoni akianika maharage. Kiti kilikuwa kimesimama ukutani, kitambaa chake kimefunikwa na sufuria zilizooshwa. Ainebyona alikuwa amelala mkekani kivulini, na kwenye kidevu chake kulikuwa na kovu jipya.

"Umekuja kukichukua?" aliuliza Mukamusoni bila kusimama.

"Hapana, mama. Nimekuja kukuomba radhi kwa kukufedhehesha. Na huyu ni Isihaka, wa mazoezi ya viungo. Ukiruhusu, atakirekebisha kimfae."

Mwanamke aliendelea kutandaza maharage. "Alianguka nacho," alisema hatimaye. "Kwenye mteremko wa kwenda kisimani. Alitoka kama gunia la viazi. Tangu hapo nimemrudisha mgongoni." Aligeuza uso. "Nilikuchukia kwa sababu ya yale uliyosema. Alipoanguka nikakuchukia zaidi."

Isihaka aliomba maji ya kunawa, akaketi mkekani, akamsalimia mtoto kwanza. Alimpima kwa kamba, mapaja, mgongo, mabega. Alikata mbao akazibana pande zote mbili, akaweka sponji chini na nyuma, akashona mkanda mpana wa kiunoni na wa kifuani, akajenga kitu cha kushikilia kichwa. Jovitus alimshikia vifaa. Jua lilikuwa limeanza kupungua nguvu walipomkalisha Ainebyona.

Kichwa kilisimama. Kwa mara ya kwanza mtoto aliona ua mzima bila kuegemea mgongo wa mtu. Ng'ombe wa jirani walikuwa wakirudi, na yeye akawafuata kwa macho kutoka kona moja mpaka nyingine, halafu akatoa sauti ndefu, ya juu, ambayo Isihaka hakuielewa. Mama yake aliielewa. Aliingia ndani ya nyumba akakaa huko kidogo, na alipotoka uso wake ulikuwa umelowa maji.

Hakuwashukuru. Aliuliza, "Na akikua?"

"Itabidi kufanya upya," alisema Isihaka. "Kila mwaka, pengine mapema zaidi. Na mimi sijui kama nitakuwa bado huku."

"Basi nani atafanya?"

Isihaka alifungasha msumeno wake. "Hapo ndipo penye tabu, mama. Ningekudanganya kama ningekupa jina."

Safari ile ilimgharimu Jovitus. Barabara ilikuwa ya mashimo, na garini hakuwa amekaa kwenye mto wake, uliobaki kwenye kiti nyuma ya gari. Sperancia alipomfunua siku mbili baadaye, ngozi ile laini ilikuwa imepasuka tena. Hakupiga kelele. Alikwenda nje akasimama kwenye migomba kwa muda, akarudi, akamgeuza kifudifudi, akachemsha maji. Safari hii walikiwahi kidonda, lakini Jovitus alilala hivyo mpaka msimu wa senene ukaja na kupita.

Alikuwa angali amelala aliposikia sauti ya Adija mlangoni. Adija alikuwa amekonda. Alikuja kumpa habari kwamba mradi umekubali: viti vitakuja vya saizi tofauti, na mito, na hakuna atakayepewa bila kupimwa. Mafunzo ya kujinyanyua yatakuwa sehemu ya ugawaji.

"Lakini vitakuwa vichache," alisema. "Vya namna hiyo ni ghali. Wengine watasubiri sana."

"Mzee Rwegasira wa Kaisho umemwandika?"

"Alifariki, Jovitus. Mafua yalishuka kifuani. Ni kama mwezi umepita."

Jovitus alifumba macho.

Alipoweza kukaa tena, alimwomba Sperancia waende kutoa pole. Mjane alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu hata katika huzuni yake, na hakumfahamu mgeni mpaka alipojitaja. Hapo akamtazama kwa makini, kuanzia kichwani mpaka kwenye magurudumu.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Alikutaja sana."

"Alinilaani, mama?"

"Laa." Alimimina chai, akampa kikombe kwa mikono miwili. "Alisema kijana yule amesema kweli. Ila alisema ungengoja kwanza na yeye apate chake."

Sperancia aliinamisha kichwa. Jovitus alishika kikombe, hakunywa. Alitaka kusema kwamba kiti kile kingemuumiza mzee, lakini Rwegasira, tofauti na yeye, alihisi miguu yake. Huenda kisingemdhuru. Huenda angekwenda nacho kanisani Jumapili nyingi, nguo zake safi.

"Sijui, mama," alisema. "Bado sijui."

"Kunywa chai," alisema mjane. "Inapoa."